Mama Sekunde na Kiini Kilichoitwa Kobe

Mama Sekunde hakupewa jina hilo kwa ubaya. Wauguzi wa benki ya damu walimwita hivyo kwa sababu kila walipomlalamikia kwamba kompyuta imechelewa, hakuuliza imechelewaje. Aliuliza imechelewa sekunde ngapi. Muuguzi akijibu "nyingi tu," yeye alivuta kiti, akakaa kando yake kimya, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi, akasubiri mpaka ichelewe tena ili ajionee mwenyewe. Baadhi ya wauguzi waliacha kulalamika, si kwa kuwa kompyuta ilipona, ila kwa kuwa hawakutaka mgeni wa kukaa nao nusu ya asubuhi.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya majokofu na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na baridi mwaka mzima, kwa hiyo nyuma ya mlango palitundikwa sweta la kijivu ambalo halikuwahi kwenda nyumbani. Ndani ya kabati la chuma zilikaa seva mbili zilizofanana kama pacha. Moja ilikuwa ya kazi, nyingine ya majaribio. Ile ya kazi ndiyo iliyobeba hifadhidata ya damu: kila mfuko ni wa kundi gani, umelala jokofu lipi, kituo gani, na utaharibika lini. Hospitali ikihitaji damu, muuguzi huandika kundi, na skrini humwambia pa kuifuata. Watu wengi waliotibiwa hospitalini hawakujua kwamba chumba kile kipo, na Mama Sekunde aliona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu haulizi bomba limepita wapi ilimradi maji yanatoka.

Matatizo yalianzia kwenye kiini. Ndani ya kila seva, chini ya programu zote, kuna kiini cha mfumo endeshi, na hicho ndicho mwenye nyumba. Programu nyingine ni wapangaji. Mpangaji akitaka kusoma diski, kutuma ujumbe au hata kujua ni saa ngapi, hana budi kumbishia hodi mwenye nyumba. Kiini cha seva ya damu kilikuwa cha zamani, na waliokitengeneza walikwisha kutangaza kwamba hawatakitolea tena marekebisho ya usalama.

Habari hiyo aliletewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa ofisa usalama wa mitandao katika jengo hilohilo, ghorofa ya juu. Alikuja na kikombe chake mkononi, akaegemea fremu ya mlango kwa kuogopa baridi.

"Shemeji, nimekuja kwa heri na kwa shari," alisema.

"Anza na shari. Heri yako naijua, ni chai."

"Mashine yako ya kazi. Mwisho wa mwezi huu kila mashine yenye kiini kisichorekebishwa nachomoa waya wake wa mtandao. Si amri yangu, imetoka juu. Ule ni mlango ambao fundi wa kitasa ameshafariki. Siku mwizi akiujua, hakuna wa kuutengeneza."

"Siku utakayochomoa waya wangu, usije kunywa chai kwangu."

"Chai yenyewe sukari unaipima kwa kijiko na kuisawazisha kwa kisu, nitakuwa nimepoteza nini?"

Walicheka, lakini alipoondoka Mama Sekunde alikaa akitazama seva zake. Dawa ilijulikana: kuhamia kiini kipya. Ila alikuwa ameshasikia minong'ono ya watunza seva wa mahali pengine kwamba viini vipya vimekuwa vizito, na yeye hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia. Akaamua kupima.

Alitengeneza jaribio ambalo lilimfanya aonekane kama ana wauguzi mia wasiochoka. Programu ndogo iliitwanga hifadhidata kwa maswali ya asubuhi ya Jumatatu, saa ile ambayo hospitali zote huuliza kwa pamoja: ingiza mfuko, tafuta mfuko, toa mfuko, bila kupumua. Ikisha kumaliza, ilifuta rekodi zote za majaribio na kuandika wastani wa muda wa kujibu. Alifanya hivyo kwenye seva ya majaribio, akiwa na kiini cha zamani kwanza, kisha kilichokifuata kuzaliwa, kisha kilichokifuata hicho, mpaka kipya kabisa. Akarudia ukoo wote tangu mwanzo, mara kadhaa, kwa mpangilio uleule na vifaa vilevile, kwa maana aliamini kipimo kimoja ni uvumi tu.

Majibu yalipangika kama ngazi. Kila toleo lilikuwa zito kuliko lililolitangulia, na lile la mwisho lilichukua karibu mara mbili ya muda wa lile la kwanza. Mchoro ulikuwa mzuri mno. Alipouonyesha ukutani mbele ya kikao, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sista Mkuu, aliyeongoza benki ya damu, alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, ambaye alianza kazi kabla kompyuta haijaingia humo ndani. Aliutazama mchoro kwa muda.

"Kwa hiyo kila wakitengeneza kipya, kinakuwa kizito kuliko cha jana?"

"Vipimo vinasema hivyo, Sista."

"Basi ya kale ni dhahabu," alisema Sista Mkuu, mwingine akakiita kiini kipya kobe, na meza nzima ikacheka, maana kila aliyekaa pale alikuwa na simu mpya iliyokuwa ikimtesa.

Kicheko kikaisha, likabaki swali. Wakikaa na kiini cha zamani, waya unachomolewa. Wakihamia kipya, Jumatatu asubuhi wauguzi watakaa wanatazama skrini tupu huku mtu anavuja damu mezani. Njia ya tatu ilikuwa kurudi kwenye simu na kadi za karatasi, kama zamani.

"Mimi nimefanya kazi ya simu," alisema Sista Mkuu. "Kuna mama mmoja alijifungua, akawa anatutoka. Tulipiga simu mji mzima tukitafuta mfuko, kumbe mfuko uko kwenye jokofu la jengo la pili, hatua chache kutoka kitandani kwake. Alipona. Lakini hadithi ile sitaki kuisimulia mara ya pili." Kisha akamgeukia Mama Sekunde. "Una mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa kukipata kinachokifanya kizito, tunatoa zile kadi stoo."

Mama Sekunde aliitikia kwa kichwa. Alirudi chumbani kwake, akavaa sweta.

Siku zilizofuata alitafuta katika kila toleo kilichobadilika. Orodha za mabadiliko zilikuwa ndefu kama safari ya kwenda peponi. Akijaribu kuzima hiki, ngazi iko palepale. Akiwasha kile, iko palepale. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Ugonjwa wa kweli huwa na mahali pake, lakini huu ulienea sawasawa kote, kidogo kidogo kila toleo, kama kwamba watengenezaji wa viini walikula kiapo cha kuzidisha uzito kila mwaka.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliitunga: mkubwa kwanza. Tangi la maji ya moto lilikuwa dogo, na watoto walikuwa watatu. Asubuhi alioga kwanza kifungua mimba, kijana aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo, kisha binti wa kati, na mwisho kitinda mimba, msichana wa darasa la tano mwenye meno makubwa na maneno mengi. Huyo ndiye aliyekuwa akichelewa kila siku. Baba yao, mwalimu wa hesabu katika shule aliyosoma binti huyo, alisimama mlangoni na mkoba begani akimngoja, akitazama saa na dari kwa zamu. Ndiye aliyemwita binti yake Kobe, na jina likamganda.

Mama Sekunde, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, alikuwa amempima. Na alikuwa na ushahidi.

"Kaka yako anatumia nusu ya muda wako. Dada yako naye si mbaya. Wewe peke yako ndiye unayelala humo ndani."

"Silali, Mama. Mimi nikiingia maji ya moto yamekwisha, nangoja. Sakafu ni bwawa. Sabuni imeingia nyuma ya ndoo. Taulo linadondosha maji kama limetoka kuoga lenyewe."

"Mwenzako mbona anawahi?"

"Mwenzangu anaingia wa kwanza."

"Kobe hakosi sababu," alisema baba kutoka mlangoni. "Ukimwuliza kwa nini yu mzito, atakwambia ni nyumba aliyoibeba."

Mama Sekunde alicheka na yeye. Baadaye, kila alipokumbuka kicheko hicho, alikunja uso kidogo.

Asubuhi moja katika wiki ya mwisho ya mwezi, mambo yalienda kinyume. Binti wa kati alikuwa safarini na wanafunzi wenzake, na kifungua mimba alikuwa amekesha akitazama mpira, hata alipoamshwa aligeukia ukutani. Kobe akaingia bafuni wa kwanza. Mama Sekunde alikuwa bado anapaka mkate siagi alipomwona mtoto amekaa mezani, kavaa sare, kafunga viatu, anapuliza chai.

"Umeoga?"

"Nimeoga."

"Na masikio?"

"Kagua."

Akakagua. Yalikuwa safi. Wakati huohuo sauti ikatoka bafuni, nzito na yenye usingizi. "Nani kamaliza maji? Na taulo liko wapi? Hii sabuni imeingiaje huku nyuma?"

Mwalimu alitazama saa, akatazama mlango wa bafu, akamtazama mkewe. "Leo Kobe kahama mwili," alisema. "Kamwingia huyu mkubwa."

Kobe alicheka mpaka chai ikampalia. Mama Sekunde hakucheka. Alikuwa amesimama na kisu cha siagi mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa akifanya nini. Alipofika kazini hakuwasalimia watu wa stoo ya majokofu kama ilivyo kawaida yake. Aliketi akafungua programu yake ya majaribio, akasoma pale alipopanga viini.

Mkubwa kwanza. Kila mzunguko ulianza na mzee na kuishia na mdogo. Hakuna aliyemwambia apange hivyo. Alivipanga kama mtu anavyotaja watoto wake akiulizwa na mgeni.

Lakini mimi nafuta, alijitetea mwenyewe. Kila kiini kikimaliza, rekodi zote za majaribio zinafutwa. Anayefuata anakuta bafu safi.

Ni hapo alipokumbuka jambo ambalo alilijua miaka mingi na hakulitumia. Rekodi ikifutwa katika hifadhidata ile, haiondoki papo hapo. Hutiwa alama tu kwamba haipo. Nafasi yake hubaki, kama ukumbi ambao watu wameondoka na kuacha viti, na anayekuja kumtafuta mtu mmoja inambidi avipite viti vyote vitupu. Kiini cha kwanza kiliingia ukumbini kukiwa kweupe. Cha pili kilikuta viti vya cha kwanza. Cha mwisho, kipya, kile alichokipaka matope mbele ya kikao, kilikuta viti vya ukoo mzima. Na kila alipoanza mzunguko mwingine, yeye mwenyewe alikuwa akiipakia hifadhidata upya, ili mzee aanze na sakafu kavu.

Aligeuza orodha. Kitinda mimba kwanza, mkubwa mwisho. Akaanzisha jaribio, akatoka nje ya chumba, kwa kuwa alijua akikaa atakuwa anaitazama skrini kama mama anavyomtazama mtoto kwenye mashindano ya mbio.

Aliporudi, ngazi ilikuwa imepinduka. Kiini cha zamani, ile dhahabu, sasa ndicho kilichoburuta mkia.

Hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe mpaka ofisi ya Sista Mkuu, akabisha, akasimama mbele ya meza.

"Sista, ile ngazi niliyowaonyesha, ivunjeni."

Sista Mkuu aliweka kalamu chini. "Imefanya nini?"

"Haikuwapo. Niliijenga mimi kwa jinsi nilivyopima." Akamweleza habari ya viti na ukumbi, kisha, kwa kuwa Sista aliendelea kukunja uso, akamweleza habari ya bafu. Hapo Sista akaelewa mara moja, maana kwao walizaliwa saba na yeye alikuwa wa saba.

"Kwa hiyo kiini kipya si kizito."

"Bado siwezi kusema hivyo. Nilichojua ni kwamba sijui. Nilikuwa nimevihukumu viini bila kuvisikiliza."

"Na sisi tukakicheka," alisema Sista Mkuu, akajisugua shingo. "Mimi ndiye niliyetoa na methali juu yake. Haya, umebakiwa na siku za kuhesabu kwa mkono mmoja. Nenda kapime sawasawa. Na ukipita pale mbele waambie waache kupangusa kadi."

Safari hii kila kiini kilipewa ukumbi wake. Kabla ya kila jaribio aliifuta hifadhidata yote na kuirudisha kutoka kwenye nakala ileile, na mpangilio aliuchanganya kila mzunguko, leo wa kati kwanza, kesho mkubwa mwisho, asijue hata yeye nani anaingia baada ya nani. Ngazi ikalala chini ikawa sakafu. Viini vya zamani na vya katikati vilijibu kwa muda mmoja, tofauti yao ndogo kama ya mapigo ya moyo.

Isipokuwa mahali pamoja. Kati ya viini viwili vilivyofuatana palibaki kipago kimoja cha ngazi, kifupi lakini imara. Changanya upendavyo, safisha upendavyo, kuanzia hapo kwenda mbele kila kiini kilikuwa kizito kidogo kuliko vya nyuma yake. Mama Sekunde alipoona hivyo alifurahi kupita siku zote za mwezi ule. Sasa ugonjwa una mahali pake, na kilicho na mahali hushikika.

Shemeji alimkuta ameinamia skrini, akaweka kikombe cha pili juu ya kabati bila kuulizwa.

"Nimesikia umekiomba msamaha kiini."

"Viini vingi. Kuna vichache bado vina kesi." Alimwonyesha skrini. Alikuwa amewasha zana inayoonyesha seva inatumia nguvu zake wapi, na majibu yalimshangaza. "Tazama. Tangu toleo hili kwenda mbele, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuliza saa."

"Saa?"

"Hifadhidata haifanyi kitu bila kuuliza saa. Mfuko umeingia saa ngapi, swali limeanza saa ngapi, limeisha saa ngapi. Inauliza mara nyingi kuliko mtoto safarini. Sasa viini vya zamani vilikuwa na saa mkononi. Ukiuliza, vinatupa jicho tu, vinajibu. Hivi vipya vinanyanyuka, vinatoka chumbani, vinakwenda kutazama saa ya ukutani sebuleni, ndiyo virudi kujibu."

"Na ya mkononi vimeipeleka wapi?"

Mama Sekunde alisogeza ukurasa mpaka kwenye ujumbe ambao seva huuandika inapoamka. Ulikuwa mstari mmoja kati ya mamia, ambao mtu huupita kama anavyopita mawe ya barabarani. Ulisema kwamba saa za prosesa, yaani ubongo wa seva, hazikubaliani, kwa hiyo haziaminiki.

"Prosesa ina vichwa vingi," alieleza, "na kila kichwa kina saa yake. Seva inapowashwa, programu ya ubao mkuu, ule uliobeba vifaa vyote, ndiyo inayozigawa hizo saa. Kwenye mashine zetu inagawa vibaya, kichwa kimoja kinapewa saa iliyo nyuma ya wenzake. Kiini cha zamani hakikukagua, kilipewa kikavaa. Hivi vipya vinakagua. Vikiona moja inatofautiana, vinazivua zote."

Shemeji alikunywa chai yake polepole. "Kwa hiyo kile tulichokiita kobe ndicho chenye akili."

"Ndicho chenye uangalifu. Na kuna jambo jingine." Alisita, kwa kuwa hakupenda kusema jambo kabla ya kulihakikisha, na hili alikuwa amelihakikisha mchana ule tu. "Unaikumbuka ile mifuko iliyotoka kabla haijaingia?"

Aliikumbuka. Kila mtu aliikumbuka. Kulikuwa na kitufe cha dharura kwenye mfumo, cha kupokea mfuko na kuutoa kwa mpigo mmoja, na mara mojamoja orodha ilionyesha kwamba mfuko umetoka kwanza ndipo ukapokelewa. Muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi alikuwa ameitwa ofisini kwa ajili hiyo, akaambiwa awe makini. Alijibu kwamba yeye amebonyeza mara moja tu, na hakuna aliyemwamini.

"Kupokea kuliandikwa na kichwa kimoja, kutoa kukaandikwa na kile chenye saa ya nyuma," alisema Mama Sekunde. "Nimeyarudia hapa kwenye kiini cha zamani, ikatokea. Kwenye kipya haitokei. Yule dada hakukosea."

"Basi atasikia leo hii," alisema shemeji. Akageuka kuondoka, halafu akarudi. "Dawa ipo?"

"Mtengenezaji wa ubao ametoa programu mpya ya kuamshia. Kwenye maelezo yake kuna mstari mmoja unaosema wamesahihisha ugawaji wa saa. Mstari mmoja tu, shemeji, na sisi hatujawahi kuubadilisha ubao huu tangu utoke kwenye sanduku."

Kubadilisha programu ya ubao ni kama kumbadilisha mtu moyo. Umeme ukikatika katikati, mashine haiamki tena. Walianza na ile ya majaribio, na ilipoamka Mama Sekunde alitafuta ule mstari wa kutoaminiana asiuone. Alipima. Kipago kilikuwa kimelala na sakafu. Kiini kipya kabisa, cha mwisho kuzaliwa, kilijibu sawa na mzee, na kwa maswali mengine kilimtangulia.

Ile ya kazi waliifanya Jumapili, siku yenye maombi machache, wauguzi wawili wakiwa wamekaa kando ya simu na kadi kwa ajili ya saa hiyo tu. Mama Sekunde alikuwa kwenye kibodi. Shemeji alichukua kiti akakiweka mbele ya kisanduku cha swichi za umeme kwenye korido, akakalia, mikono kifuani. Fundi wa umeme alipokuja na bisibisi yake kurekebisha taa ya choo, alimkuta pale.

"Kaka, nipishe, dakika moja tu."

"Hata nusu."

"Wewe si ndiye uliyesema utachomoa waya wa watu?"

"Nilisema. Leo naulinda. Nenda kanywe maji, utarudi."

Fundi alikwenda, akinung'unika kwamba watu wa kompyuta ni ukoo wa wachawi. Ndani, skrini ilikaa nyeusi kwa muda ambao Mama Sekunde, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, hakuupima. Kisha herufi nyeupe zikaanza kumiminika. Seva iliamka ikiwa na kiini kipya, saa mkononi.

Jumatatu asubuhi Sista Mkuu mwenyewe alishuka kwenye meza ya maombi, saa ile ya hospitali zote. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa yuleyule aliyewahi kuitwa ofisini. Hospitali ya upande wa pili wa mji iliomba kundi adimu. Akaandika, akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole jibu lilikuwa limekaa kwenye skrini, kituo, jokofu na rafu.

"Sekunde ngapi?" aliuliza Sista Mkuu.

Mama Sekunde, aliyesimama nyuma na sweta lake, alirekebisha miwani. "Haijafika moja."

"Jengo lao la pili," alisoma muuguzi, akiwa ameshashika simu. "Rafu ya juu. Wanakwenda kuuchukua sasa hivi."

Sista Mkuu alibaki amesimama pale akiutazama ule mstari kwenye skrini, mpaka simu ilipoita kwamba mfuko umepatikana na uko njiani. Kisha akamshika Mama Sekunde bega, akaliminya kidogo, akapanda ngazi kurudi ofisini kwake.

Ile sheria ya nyumbani ilibadilika wiki hiyohiyo. Mama Sekunde alitangaza wakati wa chakula kwamba kuanzia kesho kuoga ni kwa zamu za kuchanganya, hakuna mkubwa wala mdogo, na kila anayetoka akaushe sakafu na kuirudisha sabuni mahali pake, ili anayefuata akute bafu kama alivyolikuta wa kwanza. Mwalimu alisema kwamba hiyo ndiyo haki kwa hesabu. Kifungua mimba alisema kwamba hiyo ni dhuluma kwa wakubwa, na hakuna aliyemjibu.

"Na lile jina," alisema Mama Sekunde, "mimi nimelifuta. Nilikupima vibaya, mwanangu."

Kitinda mimba alifikiri kidogo, mdomo ukiwa umejaa. "Mama, juzi ulituambia ukifuta kitu hakiondoki, kinabaki kiti."

Mwalimu aliinamia sahani yake ili asionekane anacheka.

"Hicho kiti nitakitoa mwenyewe," alisema Mama Sekunde.

Kesho yake zamu ilimwangukia kaka mkubwa kuwa wa mwisho. Mwalimu alisimama mlangoni na mkoba begani. Kitinda mimba alisimama kando yake, viatu vimefungwa, wakitazama saa pamoja. Kutoka bafuni ikasikika sauti ya ndoo ikiburutwa na mtu akilalamika juu ya maji.

"Kaka," aliita msichana, kwa upole wa kuazima, "kwani umechelewa sekunde ngapi?"